Kitambaa Hakikutosha

Ilikuwa Jumanne, tarehe nane ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na robo jioni. Saa hiyo haina shaka, maana Fundi alikuwa ametoka kuitazama saa ya ukutani akijiuliza kama duka la dawa litakuwa bado wazi. Cherehani ameshaifunika. Pasi ameshaichomoa. Mkoba uko begani, na mguu mmoja umeshavuka kizingiti.

Alikuwa anakwenda kumnunulia mama yake dawa ya kuchua. Tangu jana yake mama alilalamika kwamba blauzi inamchoma kiunoni, upande wa kushoto, karibu na uti wa mgongo. Fundi aliichukua ile blauzi, akaigeuza ndani nje, akaipapasa mshono kwa mshono akitafuta pini iliyosahaulika. Hakuona pini. Akampa blauzi nyingine, na hiyo nayo mama akasema inachoma.

"Basi si blauzi, ni mimi," mama alisema. "Nimezeeka mwanangu. Bitana imeanza kutoboka."

Mama huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Mtaani walimwita Bi Mkasi, kwa kuwa enzi zake alikata kitambaa bila kuchora chaki, na mkasi ukaenda kama unaijua njia. Macho yalipoanza kufifia alimwachia binti yake cherehani, meza ya kukatia na wateja wote. Watu wakamwita binti Fundi, na jina alilopewa alipozaliwa likabaki kwenye vyeti. Waliishi wawili tu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kushonea. Nyuma ya pazia kilikuwa chumba cha mama, na humo mlikuwa na kitanda, sanduku la bati na picha moja ya zamani ukutani.

"Hodi."

Sauti ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto.

Mwanamke alikuwa amesimama nje ya mlango. Mwanga wa jioni ulikuwa nyuma yake, kwa hiyo uso wake haukuonekana vizuri. Mkono mmoja ameuweka kiunoni. Mwingine umebeba kitambaa kilichokunjwa.

"Karibu dada, ila nilikuwa nafunga," Fundi alisema. "Kesho asubuhi ingekuwa vizuri zaidi."

"Ni kazi ndogo. Mkanda tu."

Akanyoosha mkono. Fundi akakipokea kitambaa. Kilikuwa chekundu, wekundu wa kidonda kinachoanza kupona, chenye vidoa vyeupe vilivyokaa vitatu vitatu. Kilinuka vidonge vya nondo, vile vya kuwekea nguo sandukuni, na chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine... ya udongo uliolowa. Fundi alipitisha kidole gumba juu yake kama afanyavyo kila fundi. Vidoa vile havikuwa vimechapwa. Vilikuwa vimeinuka, kama vipele.

"Kimeshawahi kushonwa hiki," alisema. "Naona matundu ya sindano."

"Kimeshawahi."

"Haya. Kiuno inchi ngapi?"

"Thelathini na sita."

Fundi akamtupia jicho kutoka juu hadi chini. "Dada, wewe thelathini hufiki."

"Si changu cha kupimia."

"Na kifungo? Niweke cha chuma au cha plastiki?"

"Usiweke kifungo. Ncha zikutane tu. Usiache nafasi."

Fundi alifungua daftari la vipimo. Katika nyumba ile daftari lilikuwa na sheria zake tangu enzi za Bi Mkasi. Kazi ikiandikwa, imepokelewa. Ikiisha, mbele yake linaandikwa neno moja, *Tayari*, na hapo mteja ana haki ya kuichukua saa yoyote, hata ukiwa mezani unakula. Fundi akauliza jina.

"Andika mkanda."

Akaandika: *Mkanda. Inchi 36. Jumanne ijayo.*

Alipoinua kichwa, mwanamke alikuwa bado anamtazama.

"Umekua," alisema. "Umekua sana."

Fundi akadhani ni mteja wa zamani wa mama. Akageuka kumwita mama aje amsalimie. Alipogeuka tena, mlangoni palikuwa patupu, na duka la dawa lilikuwa limeshafungwa.

Kesho yake jioni, baada ya kumaliza sare za wanafunzi, alikata ile kazi ndogo. Akaweka gamu ya kukazia ndani, akakunja kingo, akaanza kushona kutoka ncha moja. Inchi sita zilipotimia, sindano ikavunjika. Akabadilisha. Ya pili ikavunjika palepale. Akaona si vita vyake usiku huo. Akakiacha kikining'inia kwenye msumari, akaenda kulala.

Alhamisi asubuhi mama alimwita, akainua blauzi.

Karibu na uti wa mgongo, upande wa kushoto, palikuwa na mstari mwekundu wenye upana wa vidole viwili. Juu yake malengelenge madogo meupe yalikuwa yamejipanga.

Jirani yao aliyeuza dawa za asili, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Majani, hakuhitaji kutazama mara mbili.

"Mkanda wa jeshi huo," alisema. "Shoga yangu, umeandikishwa jeshini uzeeni."

"Wamekosa vijana?" mama alijibu, akicheka na kukunja uso kwa pamoja.

Mama Majani alileta kila alichokuwa nacho. Alikata alovera, akaukamua ute wake juu ya vipele. Alichemsha majani ya mwarobaini, akayapoza, akamwosha nayo. Siku ya pili akaleta asali. Jioni yake akaja na majivu laini yaliyochekechwa, akayakoroga kwa maji, akampaka mpaka kiuno kikawa cha kijivu. Mwenye duka la pembeni naye alisikia, akatuma ujumbe kwamba dawa ya meno ndiyo kiboko. Wakapaka na dawa ya meno.

"Sasa nanuka kama mtu aliyepiga mswaki kwa kiuno," mama alisema.

Alovera ilimpoza kwa nusu saa. Majivu yalimwasha. Lililomsaidia kuliko yote lilikuwa jambo la bure, kitambaa cha pamba kilichochovywa kwenye maji baridi na kukamuliwa. Fundi alimwekea, akakitoa, akakichovya tena, mpaka vidole vyake vikakunjamana.

Siku ile ya kwanza, kabla ya kuondoka, Mama Majani alikuwa amemvuta Fundi pembeni.

"Mwanangu, sikiliza. Huu una kichwa na mkia. Uangalie kila siku. Kichwa kikiufikia mkia, ukazunguka kiuno chote..." Hakumalizia. Aliitazama futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwa Fundi. "Wewe si una futi? Pima."

Ndipo Fundi akaanza kupima. Kila asubuhi alimsimamisha mama, akapitisha futi kiunoni, akahesabu ni inchi ngapi za ngozi nzima zilizobaki kati ya kichwa na mkia. Akaziandika daftarini, kwa mazoea tu, maana hakuna mahali pengine alipozoea kuandika inchi. Kiuno kizima kilikuwa thelathini na sita. Namba hiyo ilimpitia machoni bila kumgusa. Viuno vya thelathini na sita ni vingi.

Jioni, mama akishalala, alishona ule mkanda kidogokidogo. Haukukubali zaidi ya hapo. Uzi ulikatika, sindano ziliruka, na kitambaa kilikuwa na joto la ajabu chini ya mguu wa cherehani, joto la mwili wenye homa. Inchi nne. Inchi nane.

Jumamosi alimpeleka mama zahanati. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene, mpole, asiye na haraka. Alipoona kiuno kile akashusha pumzi.

"Haya majivu ni ya jiko la nani?"

"Ya jirani," Fundi alisema kwa aibu.

"Jirani mwambieni apikie chakula. Yataleta vidonda." Akamsafisha mama taratibu. "Vidonge vya ugonjwa huu vinafanya kazi vizuri mkija siku tatu za mwanzo. Mmewahi siku ya mwisho, nitawapa, na vya maumivu pia. Kitambaa cha maji baridi endeleeni nacho. Nguo ziwe pana. Na msimtie hofu, bibi huyu. Hayo ya kichwa na mkia ni maneno ya watu. Ugonjwa unafuata mshipa mmoja wa upande mmoja. Ukifika hapa kwenye kitovu, unasimama. Hauvuki."

Akaweka kidole kwenye kitovu. Mstari ulikuwa umefika hapohapo.

Fundi alitoka zahanati akiwa mwepesi. Usiku ule alisali sala ndefu ya shukrani. Jumapili yote mama alipumzika, hata akakosoa pindo la sketi aliloliona kutoka kitandani. Jioni Fundi akakaa kwenye cherehani kwa moyo mkunjufu. Siku hiyo mkanda haukumsumbua hata kidogo. Sindano haikuvunjika. Inchi tisa zilipita mara moja, tik tik tik tik, kama zinavutwa kutoka upande wa pili.

Nyuma ya pazia mama alianza kuguna.

Jumatatu asubuhi mstari ulikuwa umevuka kitovu.

Ulikuwa umeingia upande wa kulia na kuanza safari ya kurudi mgongoni. Fundi alipima mara tatu. Kati ya kichwa na mkia zilibaki inchi tisa. Akaenda kuandika daftarini. Tisa. Akasimama na kalamu mkononi. Kwenye msumari, mbele ya macho yake, mkanda mwekundu ulining'inia, sehemu iliyoshonwa ikiwa imenyooka na sehemu isiyoshonwa ikiwa imelegea.

Hakutaka kuipima ile sehemu iliyolegea.

Akaipima.

Tisa.

Aliketi chini. Kisha akarudi nyuma kwenye daftari, siku kwa siku. Alhamisi alikuwa ameshona sita, na kwa mama zilibaki thelathini. Ijumaa kumi, zikabaki ishirini na sita. Jumamosi kumi na nane, na zikabaki kumi na nane, hapo kwenye kitovu. Vipimo vya mama na vya mkanda vilikuwa vimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, kwa mwandiko wake mwenyewe, na vilikuwa kipimo kimoja.

Alichukua wembe, akaanza kufumua. Uzi ulikatika mmoja baada ya mwingine. Nyuma ya pazia akasikia pumzi ndefu.

"Aah... mwanangu. Nani amenipuliza?"

"Unajisikiaje, mama?"

"Kama mtu amefungua dirisha."

Akafumua mpaka inchi tatu. Zikawa kumi na mbili zilizobaki wazi. Alipogusa mshono uliofuata, wembe uliteleza ukavunjika, na mama akapiga ukelele ambao Fundi hajapata kuusikia tangu azaliwe. Akaingia mbio. Kiunoni, juu ya vipele, palikuwa na alama nyembamba ya damu, kama mkwaruzo wa wembe.

Hakufumua tena. Wala hakushona. Akaukunja mkanda, akauweka kwenye droo ya cherehani, na ufunguo akautia kwenye mfuko wa gauni lake. Siku ile nzima mama alikuwa na nafuu. Zile inchi tatu za mwisho zilikuwa zimekauka kama zilizopona wiki iliyopita. Fundi aliamua moyoni. Kazi hii haitaisha. Mteja akija atamrudishia kitambaa chake, amwombe radhi, na ikibidi apige magoti.

Jumanne, saa kumi na mbili na robo jioni.

Alikuwa amekaa karibu na mlango, akisali kwa sauti ya chini. Nje watu walikuwa wanapita wakirudi makwao. Mtu mmoja alipiga chafya. Baiskeli ikapita. Kisha hakupita mtu tena.

Harufu ilitangulia. Vidonge vya nondo. Udongo uliolowa.

"Hodi, Fundi."

Safari hii mwanamke alikuwa amesimama karibu zaidi, na Fundi aliliona gauni lake. Lilikuwa jekundu, lenye vidoa vitatu vitatu, la mshono wa zamani. Lilimpwaya kama limetundikwa kwenye ubao. Ubavuni, kila upande, kulikuwa na kipete cha uzi cha kupitishia mkanda. Vipete vilikuwa vitupu. Mkono wake ulikuwa umekishika kiuno, umelikusanya gauni.

"Mkanda wangu u tayari?"

Fundi alikuwa amejiandaa kwa maneno ya heshima, ya kuomba radhi. Maneno yote yalimkimbia. Ulimi wake ukachukua njia uliyoizoea, ile ambayo mafundi wote huishika wakibanwa na mteja mlangoni.

"Bado, dada," alisema. "Kitambaa hakikutosha."

Mwanamke alikaza mkono kiunoni.

"Hakikutosha," mwanamke alirudia polepole.

Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mtu mwingine ndani ya nyumba.

"Hata yeye aliniambia hivyohivyo."

Pazia lilitikisika. Fundi akageuka, kisha akageuka tena. Mlangoni hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa, na mvua haikuwa imenyesha.

"Nani alikuwa mlangoni?" mama aliuliza kutoka ndani.

"Mteja tu, mama."

"Usinidanganye. Sauti ile naijua."

Fundi akaingia. Mama alikuwa ameketi kitandani, kitambaa cha maji kimedondoka mapajani. Macho yake yalikuwa kwenye picha ya ukutani. Ilikuwa picha isiyo na rangi, ya mtoto wa miaka minne aliyesimama mbele ya cherehani, mikono nyuma. Fundi alikuwa ameiona kila siku ya maisha yake. Sasa ndipo alipolitazama gauni la mtoto yule.

Vidoa. Vitatu vitatu.

"Baba yako alikuwa amefariki mwaka ule," mama alisema. "Ulikuwa unavaa mashati yake niliyoyapunguza. Mwanamke yule akaniletea yadi nne. Gauni lake lilikula tatu. Iliyobaki ilikuwa ya mkanda, na masazo nilipaswa kumrudishia. Nikakukatia wewe."

"Mama..."

"Ngoja nimalize, nisije nikakosa nguvu. Alikuwa mgonjwa, amekonda. Akija kujaribu gauni alikuwa anashika kiuno hivi. Sikumuuliza anaumwa nini. Akaniambia, Bi Mkasi, nitilie mkanda, bila mkanda watu wataona nilivyoisha. Nikamwambia kitambaa hakikutosha. Akarudi. Nikamwambia vilevile. Mara ya tatu nilijificha humu ndani, nikakutuma wewe mlangoni ukamwambie mama hayupo."

Mama alijifuta midomo.

"Ukatoka. Na ulikuwa umelivaa."

Fundi hakukumbuka. Alijaribu, akakumbuka kitu kimoja tu, mkono wa mtu mzima ukishika pindo la gauni lake na kulipapasa kwa kidole gumba.

"Hakunigombeza," mama aliendelea. "Akaondoka. Wiki iliyofuata nikasikia wamemzika. Mwaka wa thelathini na tano huu, sijapata sala ambayo sikumkuta mlangoni."

"Nitanunua kitambaa kingine. Nitashona mikanda kumi, nimpelekee hata makaburini."

"Sijamdhulumu kitambaa kingine, mwanangu. Nimemdhulumu kile." Akamgeukia. "Kila ukiushona huo mkanda wake nausikia kiunoni. Umebakiza inchi ngapi?"

Fundi akakiokota kitambaa cha maji.

"Nimekuuliza kazi. Jibu kama fundi."

"Kumi na mbili."

"Futi moja tu," mama alisema, na uso wake ukalainika, uso ule wa zamani wa kukagua mishono. "Kazi ya dakika tano hiyo."

"Haitashonwa, mama. Wewe ndiye unayepona. Umeona mwenyewe."

"Nimeona." Akamshika mkono. "Na asipochukua kwangu, unadhani ataacha? Aliyelivaa ni nani?"

"Mama, usiseme hivyo."

"Haya, nisiseme. Nichovyee kitambaa, kisha ukalale. Una macho ya mtu aliyeshona sare za shule mbili."

Fundi alimchovyea kitambaa, akamwekea. Akampa kidonge chake na maji. Wakasali pamoja. Mama ndiye aliyeongoza, na sala yake ilikuwa fupi kuliko siku nyingine. Fundi aliketi kwenye mkeka kando ya kitanda, akaegemeza kichwa godoroni. Mkono wa mama ukaja juu ya nywele zake, ukakaa hapo, ukashuka begani, ukapapasa mshono wa gauni kama kawaida yake.

Usingizi ukamchukua.

Kilichomwamsha alfajiri kilikuwa mlio.

Tik tik tik tik.

Hakufumbua macho mara moja. Mlio ule aliulalia na kuuamkia utotoni mwake wote. Kanyagio lilikwenda kwa mwendo usiofanana na wake, mwendo wa mguu mzito kushoto, mwepesi kulia. Ulikuwa mwendo wa mama akiwa na nguvu zake. Kwa muda mfupi Fundi alikuwa mtoto, na kulikuwa na chai jikoni, na hakuna mtu aliyekuwa mgonjwa.

Kisha akapapasa mfuko wa gauni.

Ufunguo haukuwamo.

Akainuka, akajikwaa kwenye mkeka, akavuta pazia.

Tik... tik...

Mlio ukakoma.

Mama alikuwa kwenye kiti cha cherehani, amevaa ile blauzi ya kwanza, kichwa amekilaza kwenye mkono wa cherehani kama mtu anayechungulia tundu la sindano. Taa ndogo ilikuwa inawaka. Mdomoni alikuwa na kipande cha uzi, maana maisha yake yote alikata uzi kwa meno, na maisha yake yote binti yake alimkataza.

"Mama."

Alikuwa bado na joto.

Daftari lilikuwa wazi kando yake. Mbele ya neno *Mkanda*, kwa mwandiko mkubwa uliokwenda mrama, wa mtu asiyeona vizuri, palikuwa pameandikwa: *Tayari*.

Mkanda wenyewe haukuwapo. Si chini ya mguu wa cherehani, si mezani, si sakafuni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Kizingiti kilikuwa kimelowa.

Wanawake waliokuja kumwosha mama walitoka mmoja mmoja. Mama Majani ndiye aliyemwambia Fundi, na hakutania. Vipele vilikuwa vimekauka vyote. Ilibaki alama tu, nyembamba, nadhifu, iliyozunguka kiuno kizima, na ncha zilikuwa zimekutana pasipo nafasi hata ya uzi.

Muuguzi alikuja msibani. Alimshika Fundi mikono yote miwili, akamwambia kwamba mama alikuwa na umri, kwamba maumivu ya siku nyingi huuchosha moyo, kwamba mtu dhaifu kuinuka alfajiri na kukanyaga cherehani ni kazi nzito. Kuzunguka kwa mkanda hakuui mtu, alisema, na asikubali watu wamwambie vingine. Fundi akamwamini. Alikuwa mwanamke mkweli. Lakini alipokuwa anavaa viatu mlangoni, muuguzi aliuliza kwa sauti ya chini, "Ule mstari... ulivuka kweli?"

"Ulivuka."

Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Ilimchukua Fundi wiki tatu kuthubutu kulifungua sanduku la bati. Juu kulikuwa na mashuka, kisha khanga za mama, kisha, ndani ya gazeti lililogeuka njano, gauni la mtoto wa miaka minne. Lilikuwa jekundu, lenye vidoa vitatu vitatu. Vidonge vya nondo vilibingirika sakafuni.

Pindo lake lilikuwa limekatwa. Ukanda mmoja mrefu ulikuwa umeondolewa kuzunguka gauni lote, na mkato ulikuwa umenyooka bila alama yoyote ya chaki.

Nani alikata, Fundi hajui. Ni mama pekee aliyeweza kukata namna ile, na mama jioni ile ya Jumanne ya kwanza, kitambaa kilipoletwa, alikuwa kitandani. Au hivyo ndivyo alivyodhani.

Siku hizi Fundi hurudisha masazo yote. Kila mteja akichukua nguo yake hukuta mfukoni vipande vyake vimekunjwa, hata kile kisichotosha kiraka, na wengine humcheka kwamba ni fundi wa kwanza duniani kufanya hivyo. Neno *hakikutosha* halitoki tena kinywani mwake. Na mlango huufunga saa kumi na mbili kamili, kabla ya ile robo.

Gauni dogo bado limo sandukuni. Kulichoma ameshindwa. Kulizika ameshindwa. Jioni nyingine, akiwa amekaa kwenye cherehani, anahisi blauzi inamchoma kidogo kiunoni, upande wa kushoto. Anaivua, anaigeuza ndani nje, anatafuta pini. Kisha anachovya kitambaa kwenye maji baridi, anajiwekea, na kwa kawaida inapita. Kiuno chake ni inchi thelathini na moja. Yeye ni fundi, na alipoliona lile gauni mara ya kwanza jicho lake lilihesabu bila kuombwa. Kitambaa kilichobaki kinatosha.

Kwa hiyo kila jioni, kabla ya taa, anapiga magoti kwenye ule mkeka na kuwaombea wote wawili, kwa kuwa hawezi tena kumwombea mmoja akamwacha mwingine.

Ee Mwenyezi Mungu, mrehemu mama yangu, uliyemwona akiiba kwa sababu mtoto wake hakuwa na nguo, na ukamwona akimaliza kazi ya mtu kwa mikono yake mwenyewe. Msamehe na umlaze mahali pasipo maumivu. Mrehemu na yule dada ambaye jina lake halikuandikwa daftarini, lakini kwako limeandikwa. Mpe pumziko. Mkanda wake ameupata. Mridhishe, Bwana, asirudi tena kuuliza. Amina.